Jicho Langu Ndani ya Kanisa la Kilema

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, kaeni. Makofi tuyaache mwisho, ila atakayezidiwa sitamkataza.

Mada ni kupiga picha ndani ya kanisa kongwe. Nimealikwa kuizungumzia, baada ya kuwakumbusha waandaaji mara tatu tu, kwa sababu majuzi nilipanda hadi kanisa la Kilema, Kilimanjaro. Nilitoka stendi ya Moshi kwa haisi, kiti cha mbele. Narudia: cha mbele. Konda aliniomba nimpishe mama mwenye mtoto mgongoni, nikakataa kwa niaba ya taaluma.

Tuanze na historia. Kanisa lile lilijengwa na Rebmann, yule Mjerumani aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Hayo niliyatangaza kwa sauti mbele ya kina mama waliokuwa wakifuta mabenchi. Meku mmoja, mzee mtunza sakristia, akaegemeza ufagio wake ukutani.

"Baba," akasema taratibu, "Rebmann alikuwa Mprotestanti. Aliona, akaenda zake. Misheni hii ni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Walifika 1890, enzi za Mangi Fumba."

Miaka 42, ndugu zangu! Ukiipima na umri wa mlima, hiyo ni kope moja kupepesa. Akaongeza kwamba wazee wanasema mibuni ya kwanza ya Uchagani ilioteshwa na mapadri haohao. Nikamjibu kwamba mimi hunywa chai.

Kisha nikazitafuta zile nguzo maarufu zilizosimikwa kichwa chini. Nilizitafuta nusu saa nzima, nimelala chali sakafuni, suti ikiwa ya kijivu. Meku akaja kunijulisha kwamba nguzo hizo ziko Mkunazini, Unguja, katika kanisa la Waanglikana alilojenga Askofu Steere. Inasimuliwa kwamba mafundi walizigeuza yeye akiwa hayupo. Sawa. Unguja na Kilema zote ni Tanzania, kwa hiyo sikuwa mbali.

Sasa ufundi wenyewe. Kanisani ndani huwa na kiza, madirishani kuna nuru kali; kamera hubabaika ichague lipi. Wanagenzi huweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, wakaacha lenzi wazi kwa muda mrefu, wakatulia. Mimi nina mkono wa chuma. Picha zangu zikionekana kama zimepigwa ndani ya haisi, huo ndio mtindo wangu, na kuna watu wanauonea wivu. Nikawasha flashi. Flashi ikamulika visogo vya mabenchi matatu ya nyuma, ikaishia hapo. Altare ikabaki gizani. Ubunifu!

Kulikuwa na kijitaa chekundu karibu na tabernakulo, kinaniharibia rangi. Nikaagiza kizimwe. Kina mama wote wakaacha kufuta. Meku akapiga goti, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akaniuliza kwa upole kama mimi ni Mkatoliki. Nilibatizwa, nikapata na kipaimara, lakini sikuona sababu ya kumweleza hayo wakati ule.

Aliniuliza pia kama nimeonana na paroko. Nikamwuliza paroko ana kamera gani.

Nasikia hapo Kilema kuna kipande cha mti kinachoaminiwa kuwa cha Msalaba wa Bwana, na watu hutoka mbali kuja kusali mbele yake. Mimi sikukiona. Saa hiyo nilikuwa najipiga mwenyewe, na kofia ilikuwa imekaa vizuri kuliko siku zote.

Jumla nilipiga picha 214. Katika 213 nimo mimi. Iliyobaki ndiyo hii hapa ukutani, mliyoishangilia mlipoingia: mabenchi yote yamenyooka, nuru imelala sakafuni kama mkeka, na kile kijitaa kinawaka pale mbele kabisa. Mwenyekiti ameiita kazi ya bwana mkubwa. Nakubaliana naye. Ilipigwa nilipompa meku kamera anishikie nifunge kamba za viatu. Akaiweka juu ya benchi, akaizima flashi, akasubiri wingu lipite, akabofya mara moja.

Lakini kamera ni yangu. Yaani ni ya shemeji, na anaidai tangu Pasaka.

Maswali? Naomba yasiwe ya historia.