Barua kutoka London: Kusubiri Kibandiko cha Njano

Ndugu na jamaa walioko nyumbani, ambao husadiki kuwa mkazi wa London hula akitakacho, wafahamishwe kwamba mnamo Februari 2023 baadhi ya supamaketi kubwa za Uingereza zilimwekea mteja ukomo wa kununua nyanya, matango na pilipili hoho, kwa kuwa baridi ilikuwa imeharibu mavuno ya Hispania na Morocco, nao wakulima wenyeji walishindwa kumudu gharama ya kupasha joto nyumba zao za vioo. Waziri wa chakula wa wakati huo, Thérèse Coffey, aliwakumbusha wabunge kuhusu tanipu, yaani mboga ya mzizi iliyo jamii moja na kabichi. Ushauri wenye uzalendo, ingawa haujulikani mchuzi wowote wa Pwani unaoanza kwa kukaanga tanipu.

Mfumko wa bei za vyakula, yaani kasi ya kupanda kwa bei katika mwaka mmoja, ulipita asilimia 19 mwezi Machi, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 40, na baadhi ya maduka yakaivisha siagi vifaa vya kuzuia wizi.

Hata hivyo, kinachomtesa zaidi mtu aliyelelewa na masoko ya Kariakoo au Kongowea ni kukosa wa kupatana naye, kwani mashine ya kujilipia haina habari na mteja wa siku zote, wala haitoi nyongeza. Mapatano yamehamia kwenye kibandiko cha njano, ambacho ni karatasi ndogo inayobandikwa kwenye chakula kinachokaribia tarehe yake ya mwisho ili kuonesha bei iliyoteremshwa, na ambayo huweza kuteremshwa tena kadiri saa ya kufunga inavyosogea. Hapo huonekana watu wazima, wenye shahada na heshima zao, wakisoma maelezo ya mtindi kwa umakini wa kitaaluma, huku jicho moja likimfuata kijana mwenye vibandiko. Anayemsogelea mno huonekana hana adabu, naye anayesimama mbali mno hurudi na tanipu.

Kwa sababu hiyo, simu zinazopigwa saa nne za usiku za Afrika Mashariki, ambapo London katika majira ya baridi huwa ni saa moja, zisipopokelewa, isidhaniwe kuwa ni majivuno.