Jua la Korogwe Halisafiri

Tangu Nyerere aende Edinburgh mwaka 1949 tumewasindikiza vijana wengi kwenda kusoma Ulaya, na mawaidha ya kuagana ni yaleyale: soma kwa bidii, usisahau kwenu, jihadhari na makundi mabaya. Hakuna anayetaja jiko la bwenini. Mwanafunzi akiharibu mambo huko, tunacheka na kumwita mshamba. Mimi nasema tunamwonea. Vituko vya ugenini havitokani na ujinga. Vinatokana na ujuzi wa kweli uliotumika mahali pasipo pake, na kadiri mtu alivyolelewa vizuri ndivyo vituko vyake vinavyokuwa vikubwa.

Mchukue kijana wa Korogwe, mkoani Tanga. Mji uko bondeni, kando ya mto Pangani, na jua lake halina unafiki: likiwaka, joto lipo, na mwaka mzima huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Sasa mpeleke Moscow mwezi Januari. Anachungulia dirishani, anaona anga safi na jua linang'aa, anatoka na shati. Hajakosea hesabu hata kidogo, ila huko siku za anga safi ndizo zenye baridi kali zaidi, kwa kuwa hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee. Mhamishie Edinburgh mwezi Juni, ambako jua huzama karibu saa 4 usiku. Aliyezoea kubandika ugali giza likiingia atalala na njaa akisubiri magharibi. (Na Ramadhani ikiangukia hapo, huyo ana haki ya kununa.) Adabu nayo humponza. Katika basi la Handeni, kukaa na mtu bila kumsalimu ni dharau. Akisalimu basi zima la London, kila abiria anavuta mkoba wake karibu. Kisha waje dagaa aliofungiwa na mama. Kwetu harufu ya dagaa wa kukaanga huita majirani. Bwenini pia huwaita, isipokuwa king'ora cha moshi hutangulia, nao hukusanyika nje kwenye theluji wakiwa na nguo za kulalia, wakilisubiri gari la zimamoto.

Nitaambiwa kwamba siku hizi kuna simu, na simu husema nyuzijoto. Husema, ndiyo. Lakini nani Korogwe hutazama simu kabla ya kuvaa? Tena hasi kumi na tano, kwa mwili ambao haujawahi kukutana nayo, ni namba tu, kama salio la benki la mtu mwingine. Wengine watadai mtu hujifunza kwa kuanguka. Wasovieti hawakuamini hivyo: chuo kikuu walichokifungua Moscow mwaka 1960, baadaye kikapewa jina la Lumumba, kiliwaanzisha wageni kwa mwaka wa maandalizi, hasa wa kujifunza Kirusi. Sisi maandalizi yetu yako jirani na hayahitaji pasipoti. Mwanafunzi apande gari mpaka Mombo, akwee milima hadi Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, akae huko mwezi Julai. Wajerumani waliokimbia joto la bondeni walipaita Wilhelmsthal, kwa hiyo si mara ya kwanza mahali hapo kutumika kuchanganya Ulaya na Tanga.

Baridi ya Lushoto si ya Moscow, hilo nakubali, na sidai imkomaze mtu. Kinachotakiwa ni asubuhi moja tu ya kuona jua limewaka na bado meno yanagongana, ili imani ya bondeni ipate ufa kabla ya safari. Koti lisiwe kisingizio. Makoti mazito ya Ulaya huja hapa kwenye marobota ya mitumba, na mwanafunzi anaweza kununua moja akalirudisha lilikotoka. Shida ni kuwahi gulioni, maana walinzi wa usiku huyagombania.