Arusi Namba 511

Katika mji wa Tanga habari ya arusi haihitaji mpiga mbiu, na habari ya arusi yenye ila haingoji hata kuche. Kwa hiyo, usiku ule programu ya kompyuta katika studio moja ya Ngamiani ilipokatika katikati ya kazi juu ya arusi ya binti wa aila yenye heshima zake, na usiku wa pili ikakatika tena juu ya arusi ile ile, mji ulikwisha toa hukumu kabla fundi hajanywa chai. Arusi ile, walisema wenye kujua, ilifanyiwa husuda tangu siku ya kupambwa bibi arusi, na husuda hiyo, baada ya kustahimili miaka thelathini ndani ya kanda, sasa imepata njia ya kuingia katika umeme.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mwenye studio alikuwa na makabati yaliyojaa kanda za VHS za aina ya E-180, yaani za muda wa saa 3, alizozirekodi yeye na marehemu baba yake katika shughuli za mji huu. Na kwa kuwa hewa ya pwani huzipa kanda ukungu, na mashine za kuzichezea aghalabu hazipatikani tena illa kwa muuza vikuukuu, alizihamisha moja baada ya moja hata zikawa faili za kompyuta zipatazo 1500. Kilichobaki ni programu ya kuzipitia usiku, watu wakiwa wamelala: ifungue kila video, itoe picha moja ya kuwekwa jaladani, itazame kama sauti ipo au imepotea, kisha iende kwa inayofuata. Programu hiyo aliiandika mpwa wangu kwa lugha ya Python, akaijaribu kwa arusi 10, zikapita zote kwa salama, akalipwa ujira wake, akafunga safari kwenda Dodoma kutafuta riziki. Mimi, kwa kuwa ndimi mjomba niliyebaki mjini, na kwa kuwa mtu akidhaniwa mara moja tu kwamba anajua mambo ya programu hapati faragha tena mpaka kufa kwake, nikaitwa.

Nilimkuta mama wa bibi arusi amekwisha nitangulia, ameketi karibu na kompyuta, chetezo kinafuka miguuni pake.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba, baba. Wewe ndiye mtaalamu? Basi fanya utaalamu wako, na mimi hapa nafanya wangu. Tutaonana mwishoni nani kashinda.”

Nami sikuona sababu ya kubishana, maadam ubani haudhuru kompyuta iwapo moshi wake hauelekezwi penye feni. Nikaomba tu kwamba chetezo kisogezwe kidogo. Fundi wa studio, kijana mwenye ghera kuliko subira, alikuwa na rai yake: arusi yenye tuhuma iondolewe mahali pake iwekwe ya kwanza kabisa, ili ikiwa ina kasoro ijulikane mapema. Ikafanywa hivyo, na arusi ile ikapita bila kwikwi, picha yake ikatoka murua, bibi arusi kainamisha uso na hina yake yaonekana mpaka vidoleni. Mama mtu akaangua kigelegele. Lakini usiku programu ikafika pale pale ilipozoea kufia, na pahali hapo sasa palikuwa na arusi nyingine, ya aila iliyokuwa haisemezani na ile ya kwanza kwa sababu ya kiwanja. Na kulipopambazuka, aila hiyo ya pili ikaleta ujumbe wa wazee watatu kutaka kujua ni nani aliyeihamishia husuda isiyokuwa yake.

Hapo niliacha kutazama arusi nikatazama namba. Mshitakiwa alibadilika, ila cheo chake hakikubadilika: kila mara alikuwa ni wa 511. Husuda nizijuazo mimi hazihesabu kwa ustadi kiasi hicho. Katika mfumo wa Linux, programu ikifungua faili hupewa namba ya kuishikia, na kabla haijafungua yoyote namba 0, 1 na 2 zimekwisha kutwaliwa: ya kwanza kwa maneno yanayoingia, ya pili kwa yanayotoka, na ya tatu kwa malalamiko, desturi iliyorithiwa kwa Unix, mfumo ulioanza kubuniwa katika maabara za Bell kule Marekani mwaka 1969. Kikomo cha namba hizo kwa programu moja, usipokibadilisha, aghalabu ni 1024. Ukitoa zile 3 zinabaki 1021. Na programu ya mpwa wangu ilikuwa ikiifungua kila video mara mbili, mara kwa picha na mara kwa sauti, kwa hiyo arusi 510 zinakula namba 1020, inasalia moja tu. Arusi ya 511 ikija, picha yake huingia kwa ile namba ya mwisho, sauti ikifika hukuta hakuna, na programu huanguka ikilalamika kwamba faili zilizofunguliwa ni nyingi mno. Ni kama mtu aazimaye sahani mbili mbili kwa jirani kwa kila mgeni, zikiisha kuliwa hazirudishi, kisha zikimalizika kabatini lawama zote anatupiwa mgeni wa mwisho, aliyekuja na njaa yake ya halali.

Hesabu peke yake haimridhishi mtu mwenye chetezo, kwa hiyo nilitaka ithibati ya macho. Linux ina folda iitwayo /proc, ambamo kila programu inayokwenda ina chumba chake, na ndani ya chumba hicho mna orodha ya kila faili iliyoshikwa pamoja na namba iliyoishika. Nikaianzisha programu upya, nikaiacha ikimbie kidogo, kisha nikaifungua orodha ile mbele ya hadhara nzima, wazee watatu wakiwamo. Zikashuka kiooni: 3, arusi ya kwanza, 4, arusi ya kwanza, 5, arusi ya pili, 6, arusi ya pili, na kadhalika, jozi kwa jozi, mstari hata mstari, arusi zilizokwisha kutolewa picha na kupimwa sauti, zisizohitajiwa tena kwa jambo lolote, nazo bado zimeshikwa. Mzee mmoja akasogeza miwani yake, akasoma kitambo, akauliza kwa nini arusi za watu zimeachwa wazi usiku kucha. Katika maisha yangu sijasikia uchunguzi wa msimbo uliokuwa sahihi zaidi ya swali lile.

Fundi wa studio naye alikuwa amesikia mahali kwamba kikomo huweza kupandishwa, akakipandisha hata 4096 kwa amri moja fupi, akatutazama kama aliyeleta mvua. Na kweli, usiku ule programu ilipita 511 kwa kishindo, nasi tukaenda kulala. Asubuhi tulikuta neno moja tu kiooni, kwamba imeuawa, pamoja na namba 137. Kwa wasiozoea: 137 ni 128 kuongeza 9, na 9 ni ile amri ya kuua isiyokatiwa rufani. Kila video iliyoachwa wazi ilikuwa ikikalia sehemu yake ya kumbukumbu ya kompyuta, na kumbukumbu ilipokwisha, kiini cha Linux kilifanya kama kilivyofundishwa, kikawatazama waliomo, kikamchagua anayekula kuliko wote, kikamwondoa ili wengine wapate kuishi. Sharti nikiri kwamba katika kadhia hii nzima huyo ndiye hakimu pekee aliyempata mkosaji bila ya kuuliza aila yake.

Nikampigia simu mpwa wangu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Video zako mbona huzifungi?”

“Nazifunga, mjomba! Tazama mstari wa mwisho kabisa.”

Nikatazama. Mstari upo, umeandikwa kwa hati nzuri, unazifunga video zote kwa pamoja baada ya arusi ya mwisho kumalizika. Hata kufika huko alizihifadhi katika orodha, akisema kwamba ripoti itazihitaji. Kwa arusi 10 za majaribio mwisho huo ulifika, kila kitu kikafungwa, akaondoka na dhamiri safi. Kwa arusi 1500 mwisho haukufika kamwe.

Akaahidi kuleta sahihisho jioni ile ile, akalileta, na ndani yake mlikuwa na hisani ambayo hakuombwa na mtu. Badala ya kutoa picha moja ya jaladani, programu mpya ilikusanya picha zote za dakika ya kwanza ili ichague iliyo bora. Na kufunga akakuacha kule kule mwishoni. Sasa, faili ya video ni ndogo kwa sababu imefinywa, lakini picha ikifunguliwa hurejea ukubwa wake: pikseli 720 kwa 576, kila moja baiti 3, yaani baiti 1,244,160 kwa picha moja. Kwa sekunde hupita picha 25, kwa dakika 1500, na jumla ya dakika hiyo hukaribia gigabaiti 1.9. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Programu ikafia arusi ya nne. Na arusi ya nne, kwa kuwa faili zilipangwa kwa umri wa kanda, ilikuwa ya mwenye studio mwenyewe, mtu aliyekuwa mpaka saa hiyo akiwacheka wenzake. Akaenda kukaa karibu na mama mwenye chetezo, akamwuliza kwa sauti ya chini ubani ule anaununua wapi.

Dawa ilikuwa fupi kuliko ugonjwa. Orodha niliifuta, kwa maana ripoti ilihitaji majina na vipimo, wala haikuhitaji video zenyewe. Mkusanyo wa dakika nzima niliuondoa. Picha moja husomwa, huandikwa diskini, huachwa. Kufunga nikakupeleka ndani ya mzunguko, kila arusi ifungwe kabla ya inayofuata kufunguliwa. Hata hivyo namba ziliendelea kupanda, polepole, moja leo moja kesho, mpaka ikadhihirika kwamba kanda zilizoingia ukungu ziliipa programu hitilafu katikati ya kusoma, nayo ikaruka moja kwa moja kwenda arusi inayofuata bila kupita penye mstari wa kufunga. Kwa balaa hiyo Python ina utaratibu wake tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006: faili hufunguliwa ndani ya mpaka maalumu, na kutoka katika mpaka huo, kwa salama au kwa hitilafu, ni kufunga. Sauti iliutii mpaka huo mara moja. Picha, kwa kuwa maktaba iliyotumiwa haikuujua, ilinibidi niijengee mpaka kwa mkono.

Usiku uliofuata nilikaa nikiitazama ile folda ya /proc. Namba 3 na 4 ziliandikwa arusi moja, zikafutika, zikaandikwa arusi nyingine, zikafutika. Ya 511 ikapita kama mpita njia, na kabla ya adhana ya alfajiri zote zilikuwa zimekwisha. Mama wa bibi arusi anashikilia kwamba ni ubani, na mwenye studio anamuunga mkono. Wale wazee watatu hawajasema kitu, illa mmoja wao sasa huzunguka mtaani akiwaambia vijana wazime taa watokapo vyumbani.

Picha za majalada ziko tayari. Mwenye arusi yake iliyorekodiwa na studio hiyo zama za kanda na aende akaichukue, ila asisahau flashi yake mwenyewe, na awe radhi kwamba zile zilizoliwa na ukungu zimetoka bila sauti.