Wikendi Saba za Mwalimu Mgeni Mwanza, Kuanzia Mkiani

Mwalimu mgeni akishapata nyumba Nyakato au Nyegezi, akishajua daladala ipi inampitisha karibu na shule na mama yupi anauza sato wa leo, swali linalobaki ofisini kwa walimu ni moja tu: Jumamosi twende wapi? Mwenzake anayefundisha Japani au Uswisi hupanda treni Ijumaa jioni, akateleze thelujini mpaka Jumapili. Huku kwetu theluji iko juu ya Kilimanjaro na Rwenzori, na hakuna mwalimu wa kuifikia na kurudi kabla ya gwaride la Jumatatu.

Wakenya, shusheni mikono. Habari za Philip Boit tunazo. Aliteleza kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini ili amkumbatie. Tunamheshimu sana, lakini mazoezi alifanyia Finland.

Sisi tuna miamba na maji. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Uganda wana sehemu kubwa pia. Kenya wana asilimia 6 hivi, kwa hiyo mwalimu aliyetoka Kisumu na kutuambia kwamba yeye ndiye mtoto wa ziwa, karibu sana, kaa kiti cha nyuma. Orodha hii nimeipanga kutoka namba saba hadi namba moja. Masharti ni mawili: pasiwe mbali mno kwa wikendi moja, na nauli isimalize mshahara.

7. Jiwe la Bismarck

Hili ni la jioni ya kwanza, wakati bado unatafuta godoro. Liko pembeni mwa maji, njia ya Capri Point: miamba imebebana, na wa juu kabisa umekaa mahali ambapo fundi yeyote angekuambia hauwezi kukaa. Wajerumani walilipa jina la Kansela wao, Otto von Bismarck, ambaye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Mawe ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mwalimu wa jiografia, simama hapo, uvae miwani yako, ufurahi. Wengine pigeni picha, nunueni karanga, mrudi kulala.

6. Kisiwa cha Saanane

Boti inakuchukua Capri Point na kukufikisha kisiwani kabla hujamaliza kufunga mikanda ya jaketi la kuokolea. Ifunge hivyo hivyo. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekaa kisiwani kabla ya mwaka 1964, ilipoanzishwa hapo bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 2.18. Ni hifadhi ya taifa ambayo mwalimu wa darasa la tatu anaweza kuwaleta watoto wote na kurudi nao wote, maana hakuna pa kupotelea.

Usikimbilie simba. Chuchumaa kwenye jiwe umwangalie pimbi. Mnyama mwenye ukubwa wa paka anapanda mwamba uliosimama wima bila kucha za kung'ang'ania, kwa sababu nyayo zake ni laini na zina unyevunyevu unaoshika jiwe. Jirani yake ni mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu, rangi zile zile za Spider-Man, na jina lake la kisayansi limetokana na mji huu: Agama mwanzae. Mwambie mwanafunzi anayesema baiolojia haina raha.

5. Daraja la Kigongo–Busisi

Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025. Jina lake rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli, na linavuka Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa kilomita 3. Kabla ya hapo magari, ng'ombe, maharusi na wagonjwa wote walipanga foleni ya kivuko. Mwenyeji akianza kukusimulia foleni hiyo, msikilize mpaka mwisho hata kama unavuka kwa dakika chache tu. Ana haki ya kusimulia.

Panda basi la Sengerema, kaa dirisha la kulia wakati wa kwenda, maana upande huo ndiko ziwa linakofunguka. Kula chakula cha mchana Sengerema. Rudi. Ndiyo safari yenyewe, na inatosha kabisa kwa Jumamosi yenye madaftari ya kusahihisha.

4. Serengeti kwa mlango wa nyuma

Najua. Umeona namba nne ukakunja uso. Serengeti, kilomita za mraba 14,763, hifadhi ya taifa tangu 1951, urithi wa dunia tangu 1981, halafu mtu anaiweka nyuma ya makumbusho ya ngoma! Nisikilize kwanza.

Geti la Ndabaka liko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kilomita zipatazo 140 za lami. Mtalii wa Arusha anamaliza siku nzima njiani ili afike mahali ambapo mwalimu wa Mwanza anafika kabla chai ya saa nne haijapoa. Walimu sita wakichangia gari, inawezekana. Beba kitambulisho au pasipoti, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki wana kiingilio chao, nafuu kuliko cha wageni wa mbali, na askari wa getini hakubali ushahidi wa lafudhi. Nyumbu hupita ukanda huu wa magharibi kati ya Mei na Julai, na mamba wa mto Grumeti huwa wanajua ratiba hiyo vizuri kuliko mtaaluma anavyoijua ya mitihani.

Kilichoishusha hadi namba nne ni dirisha. Serengeti unaiona kutoka ndani ya gari, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala unafundisha nini. Mwalimu aliye ugenini ana haja kubwa zaidi ya kuulizwa.

(Nje ya orodha: Rubondo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe wake ni wazao wa sokwe walioletwa katika miaka ya 1960 kutoka Ulaya, ambako wengi walikuwa vizimbani. Wao ndio wageni wa ziwa hili waliohamia kabisa na kuzaa. Lakini Rubondo haiingii ndani ya wikendi, iache mpaka likizo ya Juni.)

3. Bujora

Daladala za Kisesa, barabara ile ile ya Musoma, kilomita 20 hivi kutoka mjini. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika miaka ya 1950. Aliona kwamba anayetaka kuwafundisha Wasukuma lazima kwanza afundishwe nao, akakusanya ngoma za watemi, vigoda vya enzi, zana na nyimbo. Mgeni aliyekuja kufundisha akageuka mwanafunzi. Hapo tu Bujora imeshaipiku Serengeti kwa mwalimu wa ugenini.

Ukiweza, nenda Juni wakati wa Bulabo, sikukuu inayoanza na Ekaristi Takatifu na kuendelea na mashindano ya ngoma. Vikundi vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Kura hazipigwi. Watu wanahama: ukichoshwa na hawa unakwenda kwa wale, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana mchezaji anatokea na chatu mzima mabegani, na wachezaji wa ngoma ya Bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka bila kukosa mdundo. Sasa piga picha, mwalimu mwenzangu: katikati ya kipindi chako cha saa nane mchana, wanafunzi wameruhusiwa kuhamia darasa la jirani. Ungebaki na wangapi? Kaa Bujora mchana mzima, usome kwa wenyewe jinsi ya kumzuia mtu asiondoke.

Kabla ya kurudi, onja michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani, na matobolwa, ambayo viazi vyake huchemshwa kwanza. Kwa chai ya rangi. Meno yatafanya kazi kidogo mwanzoni.

2. Butiama

Karibu kilomita 200 kaskazini-mashariki, na hapa utani naupunguza sauti. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 na akazikwa huko huko, Mwitongo, mwezi Oktoba 1999. Makumbusho yapo jirani na kaburi.

Watu huja kumwona Rais. Wewe njoo umwone mwalimu. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh kusoma kuanzia 1949 hadi 1952 (huko alikuwa na theluji ya kutosha, na hatujasikia kwamba aliteleza), kisha akafundisha Pugu mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Akiwa Ikulu alimtafsiri Shakespeare: Julius Caezar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kwa hiyo mwalimu anayesema hana muda wa kusoma kwa sababu ya zamu akumbuke kwamba huyu alikuwa na zamu ya nchi nzima, na alishuka zamu alipong'atuka urais mwaka 1985.

Tangu Tabora hadi kaburini wamemwita kwa jina la kazi yako. Nenda ukamsalimie.

1. Ukerewe

Kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Unapanda meli Mwanza na kukaa majini saa tatu au zaidi mpaka Nansio, au unazunguka kwa Bunda na Kisorya na kuvuka kwa kivuko kifupi. Chagua meli. Kaa nje, karibu na matenga ya machungwa, magodoro mapya na kuku waliofungwa miguu, na kabla hamjaiacha ghuba utakuwa umeulizwa jina, kabila, shule, mshahara, na kwa nini hujaoa au hujaolewa. Jibu yote. Mshahara jibu kwa hekima.

Nimekiweka namba moja kwa sababu ya vitabu. Ukikishika kisiwa hiki ukakitikisa, wanadondoka waandishi. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza 1945. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha ile. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuimaliza. Mwaka uliofuata akafariki. Nawe unalalamika kwamba mwalimu mkuu amekaa na andalio lako la somo wiki mbili! Baadaye Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe naye, akaitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe.

Kisha Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo. Rosa Mistika, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda, inaanzia kijijini hapo hapo. Na Kezilahabi alikuwa mwenzako kabisa: alifundisha ugenini miaka mingi, Chuo Kikuu cha Botswana, nchi isiyo na ziwa la kulinganisha na la kwao. Alifariki Januari 2020. Mwalimu wa fasihi anayefundisha Mwanza bila kufika Ukerewe ana deni, na nalidai hadharani.

Ukipata siku ya ziada kuna Ukara, yenye jiwe maarufu linalocheza, na wakulima waliokuwa wakilisha ng'ombe zizini na kurutubisha mashamba kwa samadi kabla Mzungu hajaja kuwaelekeza. Lakini njia ya Ukara ndiyo iliyozamisha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, karibu na gati la Bwisya. Kivuko kiliruhusiwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kabla yake ilikuwa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na wengi waliokufa katika ajali hiyo walizikwa Igoma, njia unayopita kwenda Bujora. Chombo kikijaa, shuka, hata kama umeshalipa nauli. Mtumbwi usio na jaketi za kuokolea usiupande. Usiku na alfajiri dhoruba za ziwa ni kali zaidi, kwa hiyo safiri mchana. Na usiogelee kwenye maji yaliyotulia ya ufukweni, kichocho kipo. Haya sisemi kwa utani.

Basi Ijumaa toka shule na madaftari yameshasahihishwa, pita bandarini ukate tiketi, na kwenye begi weka Rosa Mistika. Ukifika Nansio, kabla hujatoka gatini muulize karani meli ya Jumapili inaondoka saa ngapi.