Kisheria, Baharia wa Jahazi Haugui

Kwa Wakubwa wa Shirika la Kazi Duniani,
Geneva.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Malindi, Unguja, tunakosubiri maji yajae. Nimesomewa Mkataba wenu wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, na nimeona fahari: mmetutaja. Vyombo vya jadi kama majahazi, mmeandika, havimo. Ni wangapi huku pwani wanaotajwa Geneva, hata kama ni kwa kutolewa nje?

Sababu nimeifahamu. Baharia wa meli ya chuma ni dhaifu. Lazima awe na sanduku la dawa, vifaa na kitabu cha kumwongoza anayetibu, na mnashauri ukaguzi usipitishe miezi 12, mpaka tarehe za dawa kuharibika ziangaliwe. Zetu haziharibiki. Aliyejikata, tumbaku. Mwenye homa, kivuli cha tanga. Aliyechomwa na taa hupakwa mafuta ya taa, maadamu majina yamelingana. Nasikia wataalamu husema sumu ya taa hutulizwa kwa maji ya moto, yasiyounguza. Tunayo, lakini yale ni ya chai.

Hesabu yenu ya daktari nayo imenipendeza. Meli yenye watu 100 au zaidi, safari ya nje inayozidi siku tatu, ndiyo impakie daktari. Wakiwa 99, basi. Sasa katika hao 99 akiwamo mjamzito, akajifungua katikati ya bahari, daktari aliyedaiwa na mtoto atapandia wapi? Na meli ya mizigo yenye mabaharia ishirini na kitu haimfikii daktari maisha. Anawatosha mwenzao aliyesomeshwa kozi, mara nyingi afisa wa pili: usiku zamu, mchana sindano.

Tena mmeagiza ushauri wa daktari upatikane kwa redio au setilaiti, saa zote 24, bure, bendera yoyote. Roma wapo wanaofanya kazi hiyo tangu 1935, na Mungu awabariki. Ila simu ya nahodha wetu hushika mtandao mpaka mnara wa Nungwi upotee machoni. Kutoka hapo bure ipo, Roma haipo.

Mtasema serikali zetu ziliuridhia Mkataba, Kenya mwaka 2014, Tanzania 2019, na hakuna aliyezizuia kututungia sheria yetu. Kweli. Kumbe tuliporidhia tuliridhia na kutokuwamo kwetu.

Kaskazi iliyopita, tukielekea Pemba, foromali, mti unaobeba tanga, ilimwangukia kijana wetu ikamvunja mkono. Tukaufunga kwa mbao za kasha la sabuni na kipande cha kanga. Alilia usiku kucha. Mimi mkubwa wake nikamtuliza: mwanangu, nyamaza, wewe kisheria hujavunjika. Watu waliokutana Geneva wakapima mambo ya bahari nzima hawawezi kusahau mkono wako bila sababu.

Alfajiri akaniuliza jambo lililonishinda, ndiyo maana ya barua hii. Anataka kuhamia meli ya chuma mkono ukipona. Anauliza: ule uliovunjika jahazini, akishaandikwa kazi kule, utahesabika kuwa uliwahi kuuma, au maumivu yataanza siku atakayotia saini?

Naomba jibu kabla ya kusi kushika.

Wenu,
Baharia wa jahazi,
mzima wa afya kwa mujibu wa Mkataba.