Jenerali Xiao Ke, Kuanzia Saba Kushuka Hadi Moja

China haijawahi kukaukiwa na majenerali wastaafu. Huyu wa Hunan nimemchagua kwa sababu sifa zake kubwa zilitoka kwenye karatasi kuliko kwenye bunduki.

7. Umri. Alizaliwa 1907, akafariki 2008. Miaka 101, na ujana wote alikuwa akilengwa risasi. Wanaosema msongo wa mawazo unafupisha maisha hawakupita kwake kuuliza.

6. Cheo. Mwaka 1955 nyota zilipogawiwa, jina lake liliongoza orodha ya majenerali 55. Hongera! Ila juu ya orodha hiyo kulikuwa na marshali 10 na majenerali wakuu 10.

5. Mwanyumba. Yeye na kamanda He Long walioa dada wawili wa tumbo moja, kisha wakaongoza jeshi moja la wakomunisti kwenye Matembezi Marefu, ile safari ndefu ya kuwakimbia wanajeshi wa serikali, He Long mkuu, yeye naibu. Ukinuniwa kazini, unanuniwa na nyumbani.

4. Jembe. Mwaka 1958 alishutumiwa kwamba anakariri mno vitabu vya kijeshi. Akapelekwa kuwa naibu waziri wa mashamba mapya.

3. Barua. Hapa utani kando. Mei 1989 majenerali saba wazee, yeye akiwemo, walitia saini barua wakitaka jeshi lisiingie Beijing kuwazima waandamanaji. Liliingia.

2. Riwaya. Aliianza 1937, akamaliza 1939, ikachapishwa 1988. Mwaka 1991 ikapata tuzo ya heshima ya Mao Dun. Nyie waandishi mnaolia kwamba mhariri hajajibu tangu Jumatatu, mnasikia?

1. Ramani. Oktoba 1934, Guizhou. Jeshi lake linasakwa na serikali, na ramani zilizopo ni za watoto wa shule, vijito na vilima hazivijui. Mara inapatikana moja kubwa, kama mita moja kila upande, safi kabisa. Kwa Kifaransa! Kamanda wa miaka 27, maelfu ya askari nyuma yake, anaikodolea macho kama mbuzi aliyepigiwa gitaa.

Bahati nzuri (yake, si ya mwenzake) vijana wake wamemkamata Rudolf Bosshardt, mmisionari Mswisi aliyekulia Manchester, nao wanadai kikomboleo. Usiku huo wawili hao wanainamia ramani: mateka anataja mlima, mto, kijiji, na Kichina kinaandikwa pembeni. Kulipokucha jeshi lilikuwa na njia. Asante ya punda ni mateke. Huyu hakupigwa teke, ila mateka alibaki mateka. Walitembea naye takriban miezi 18, hadi Pasaka ya 1936.

Alipoachiliwa, Bosshardt aliandika kitabu, kikatoka mwaka huohuo, kabla ya kile mashuhuri cha mwandishi Mmarekani Edgar Snow kuhusu wakomunisti hao. Miaka ya 1980 mzee Xiao akatuma watu wa ubalozi wa China wamtafute. Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kichina, kilihitaji mtu wa kuandika utangulizi. Akaandika aliyemteka.