Transista Mbili za Marehemu Mzee

Mume wangu ni mhasibu. Ukimkuta ofisini na tai yake, anakukaribisha kiti kwa sauti ya chini, huwezi kudhani kwamba mtu huyo huyo ikifika saa mbili usiku anakaa sakafuni jikoni kwangu, miwani imemshuka puani, anayeyusha risasi juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Moshi wa risasi una harufu ya utomvu ulioungua. Ukishaingia kwenye mchuzi wa nazi, mchuzi huo wageni wanaula kwa adabu tu.

Chanzo ni gitaa. Alikuwa nalo kabla hatujaoana, na kwa miaka mingi halikuwa na madhara: Jumapili jioni kidogo, mapambio mawili matatu, basi. Kisha akakutana na Wazambia wa miaka ya sabini. Kuna kundi liliitwa Amanaz, na albamu yao Africa ya mwaka 1975, enzi reli ya TAZARA inamaliziwa. Sisi huku tumekuzwa na gitaa la dansi, la kina Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, solo inalia safi kiasi kwamba unaweza kuzihesabu noti. La Wazambia linakoroma.

"Baba Watoto, spika yao imechanika," nikamwambia.

Akafurahi ajabu. Kumbe ndivyo sauti hiyo ilivyoanza hasa. Miaka ya sitini ikianza, mjini Nashville kule Marekani, watu walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins, mtambo wa studio ukaharibika, gitaa la besi la Grady Martin likatoka linanguruma, na wakaliacha hivyo hivyo. Wimbo ukapendwa. Fundi mitambo wa studio, Glenn Snoddy, akakaa akatengeneza kifaa cha kuleta ubovu ule kwa makusudi, na mwaka 1962 Gibson wakaanza kukiuza. Hakikutikisa soko mpaka Rolling Stones walipokitumia mwaka 1965.

"Kwa hiyo ubovu unauzwa," nikasema.

"Tena ghali," akajibu mhasibu, na hapo nikajua tumeshaingia kwenye gharama.

Pedali ya kuagiza nje, maana ndivyo kifaa hicho kinavyoitwa, aliipigia hesabu akakuta inakaribia ada ya muhula. Hivyo akaamua kujitengenezea. Aliyoichagua inaitwa Fuzz Face, iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966, kopo la chuma la mviringo ambalo Jimi Hendrix alilikanyaga mpaka likajulikana dunia nzima. Unapiga gitaa, unalikanyaga, sauti inachafuka. Unakanyaga tena, inasafika. Ndani ya maajabu yote hayo kuna vitu 11: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vidude viwili vya kuzungusha. Pilau langu lina vitu vingi kuliko hicho kifaa, na halijawahi kuchukua mwezi.

Mchoro aliuchapisha steshenari, akaubandika kwenye mlango wa friji juu ya ratiba ya maji. Unaonyesha kibao kilichojaa matundu, kila tundu limeachana na mwenzake milimita 2.54, na chini ya kibao imepita mistari ya shaba inayopeleka umeme. Pale ambapo umeme hautakiwi kuvuka, unakata mstari: unashika ncha ya keekee mkononi, unaizungusha juu ya tundu taratibu mpaka shaba iishe, vumbi lake la dhahabu linabaki vidoleni. Mahali pa kukata pamewekewa alama nyekundu. Sasa, mchoro umechorwa kwa mtu anayetazama juu, na shaba iko chini. Ukigeuza kibao, kushoto kunakuwa kulia. Asiyekumbuka hilo anakata kila kitu kinyume, na kibao chake hakifai tena hata kwa kusugulia kisigino.

Baba Watoto hakukumbuka. Alikata kinyume kwa ustadi mkubwa, mistari yote, hakubakiza. Binti yetu wa darasa la sita akaja kunywa maji, akasimama, akatazama friji, akatazama kibao. "Baba, si uigeuze karatasi uisome kwa nyuma kwenye taa?" Akanywa maji yake akaenda kulala. Kibao cha pili kilikatwa karatasi ikiwa imebandikwa dirishani, mchana, jua likipenya kwa nyuma.

Ikabaki transista. Za asili ni za gerimani, na Kariakoo ukiulizia hizo unaletewa za silikoni, na kalenda ya duka juu yake. Za silikoni zinafanya kazi, tena hazina maringo, lakini mwenzangu alishasikia kwamba za gerimani ndizo zenye sauti laini. Akaenda kwa fundi redio wa mtaani, yule anayekaa chini ya mwarobaini. Fundi hakunyanyua hata kichwa. "Bosi, hizo zimo kwenye redio za wazee. Fungua Philips ya miaka ya sitini, utakuta AC128 mbili zinasukuma spika."

Juu ya kabati letu la vyombo kulikuwa na Philips.

Ilikuwa ya baba yangu mzazi. Kasha la mbao, uso wa kitambaa, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma alichokifuma Mama kwa mkono wake. Kwenye redio hiyo Mzee alifuatilia vita vya Kagera sikio likiwa limegusa spika. Sisi watoto tulikuwa tukingoja Pwagu na Pwaguzi, na yakianza matangazo ya vifo hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Baada ya Mzee kufariki ikaacha kutoa sauti. Mama akaileta kutoka Korogwe, mkwe wake aipeleke kwa fundi. Mkwe akasema ataipeleka, na kweli aliipeleka, ila si yote.

Mimi nilikuwa kwenye kicheni pati. Niliporudi nikakuta redio iko mahali pake na kitambaa kimenyooshwa vizuri mno, pembe nne sawasawa. Kitambaa cha kufuma kikinyooshwa na mwanamume, uliza. Nikainyanyua, ikalia kwa ndani: skrubu.

"Nimeazima," akasema. "Nimeandika."

Na alikuwa ameandika kweli, kwenye daftari la matumizi ya nyumba, kati ya gesi na unga: AC128 mbili, mali ya Mama, zitarudishwa.

Sasa gerimani ni kitu cha nchi za baridi. Joto likipanda, umeme unavuja ndani yake bila kuombwa, na sauti inabadilika. Ujenzi wote huu ulifanyika Februari, Tabata, feni likisukuma hewa ya moto kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Alitaka mita isome volti 4.5 kwenye transista ya pili, nusu ya betri ya volti 9, maana ndipo kifaa kinapoimba. Asubuhi inasoma 4.5. Saa nane mchana inasoma mambo mengine kabisa. Nikafungua friji kutafuta vibua, nikakuta kibao na nyaya zake kimelazwa kando ya vibua, kimefunikwa kwa bakuli.

"Kinapumzika," akasema.

Kikitolewa hapo kilikuwa kinanguruma vizuri kwa muda, kisha kinaanza kupumua kwa shida. Watoto wakazoea. Nikiagiza barafu wananiuliza ya juisi au ya Baba.

Halafu ikaja habari ya adapta. Betri ile ya mstatili si kila duka linayo, kwa hiyo siku moja akaona kwa nini ahangaike wakati ukutani kuna umeme. Adapta iliyokuwa karibu ilikuwa ya king'amuzi. Ni ya volti 12, lakini alisema kifaa kitapata nguvu. Ambacho hakukitazama ni mchoro mdogo kwenye lebo: adapta nyingi za nyumbani zina chanya katikati ya plagi na hasi pembeni, na za pedali za gitaa kwa kawaida ni kinyume chake. Kwa bahati nzuri alikuwa ameweka dayodi ya ulinzi. Umeme ukiingia kinyume, dayodi inaufungulia njia ya mkato, unazunguka hapo hapo bila kufika kwenye transista. Dayodi ilifanya wajibu wake barabara. Transista za Mzee hazikuguswa. Kilichokufa ni adapta, kwa mlio mdogo tu wa "ti", saa kumi na nusu jioni, siku ya Simba na Yanga, kaka zangu wakiwa wamejaa kwenye kochi na jezi zao na karanga zao.

Hakuna aliyefoka. Waliinuka mmoja mmoja, wakavaa ndala, wakaelekea kibanda umiza cha jirani. Wa mwisho akageuka mlangoni. "Shemeji, na hii umeiandika?"

Hatimaye kifaa kikakamilika. Kasha la chuma hakuwa nalo, akachukua kikontena cha plastiki cha chakula cha mtoto wa mwisho, akatoboa matundu kwa msumari wa moto, akapachika swichi ya kukanyaga yenye miguu tisa, akafunga kifuniko cha bluu. Akakiunganisha na kiamplifaya chake kidogo sebuleni, gitaa likiwa bado liko chumbani, waya mrefu umelala sakafuni. Na jioni hiyo hiyo Mama akaingia kutoka Korogwe, amekuja kliniki ya macho.

Tukala. Mama akanawa, akashukuru, akatazama juu ya kabati.

"Mkwe wangu, redio ya Mzee ilipona?"

Mume wangu mbele ya mama mkwe ni mtu mwingine. Hapandishi sauti, hakunji nne, hamtazami usoni. Akatazama zulia, akasema: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Mama kwa mara ya pili jioni ile. "Nimeuliza redio."

Sijui kama mguu ulimteleza au alitaka kusimama akimbie. Akakanyaga. Kile kikontena kikatoa "ta", amplifaya ikavuta pumzi, na ndani ya mvumo akaanza kuongea mwanamume. Kwa mbali, kwa utulivu, katika lugha ambayo hakuna aliyeijua pale ndani. Baadaye zikaingia ngoma.

Nimeshaelezwa sababu, tena kwa kirefu kuliko nilivyotaka. Waya ulio wazi ni antena. Transista inayokuza sauti kiasi kile ina tabia ya kuchuja maneno kutoka kwenye mawimbi, na ndivyo redio za mwanzo zilivyofanya kazi. Chuma kingeyazuia mawimbi, plastiki inayapisha. Na usiku masafa ya kati husafiri mbali sana. Yote sawa. Lakini usiku ule mimi nilichokiona ni transista za baba yangu zimerudia kazi yake, na Mama ameweka kikombe chini.

"Nilijua," akasema. "Mzee naye alikuwa anasikiliza mpaka lugha asizozielewa. Anasema ni watu, wacha waongee." Akasikiliza mpaka ngoma zikaisha. "Mkwe, Mungu akubariki. Ila umeihamishia kwenye kikontena?"

"Ndiyo, mama. Ni... ya kisasa."

Kesho yake mwenzangu, ambaye alitaka gitaa na si taarifa ya habari, akaamua kukomesha ile redio. Akachukua kopo la kompasi la binti yetu, lile la bati, vifaa vya hesabu vikabaki vinagongana chini ya begi, akahamishia kila kitu humo na kuunganisha bati na waya wa ardhi. Ilifaa sana. Kwa mara ya kwanza nikasikia alichokuwa anakitafuta, noti nene, chafu, inayokaa hewani muda mrefu baada ya kidole kuondoka, na nilimwambia ukweli kwamba ni nzuri. Hakupata muda wa kufurahi. Jioni Mama akakaa kwenye kiti chake, akakanyaga mwenyewe kwa kisigino. Kimya. Akakanyaga tena.

"Imekufa," akasema, na macho yakaanza kulengalenga.

Kabla ya saa nne usiku kifaa kilikuwa kimerudi kwenye plastiki.

Alipoondoka aliondoka nacho. Mkwe angemwambia nini? Alimfungia mwenyewe: kikontena, kiamplifaya, waya wa mita tatu uliochomekwa usiende popote, betri za akiba, na karatasi ya maelekezo kwa herufi kubwa. Akambebea hadi kwenye basi Mbezi. Kasha la mbao Mama hakulitaka. "Hilo bovu litupeni," alisema.

Wiki iliyofuata akapiga simu, nikaweka sauti ya nje.

"Mwambie mkwe inashika vizuri usiku. Mchana inanguruma tu. Na hiki kidude cha kushoto nikikizungusha mpaka mwisho kuku wanakimbia, afahamu hilo. Halafu jirani yangu ameipenda, anaomba atengenezewe yake. Nimemwambia asihangaike na fedha, mwanangu, maana pale kwake ipo redio ya marehemu mumewe haiongei miaka mingi. Ataileta ikarabatiwe."

Baba Watoto alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Akafunika simu kwa kiganja.

"Muulize kama ni Philips."